Mkono wa Koti

Siku ya ukaguzi, Mirela, mwanagenzi kutoka ng'ambo, alikutwa akishona koti la mteja. Sheria ilikuwa moja tu: mgeni hukaa nchini maadamu bado anafundishwa. Akishaiva, anarudishwa kwao.

"Leo umemfundisha nini?" mkaguzi alimwuliza Fundi Mwanahawa.

Tangu kiangazi Fundi hakuwa na jipya la kumfundisha, na uongo haukuwa kawaida yake.

Mirela akainua koti. Mkono wa kushoto alikuwa ameushona kwenye bega la kulia. "Nimekosea, Mama," alisema, macho chini.

Fundi akautazama ule mshono. Ulikuwa umenyooka, mzuri kuliko wake mwenyewe.

"Binti wewe!" akafoka. "Nikwambie mara ngapi?"

Mkaguzi aliupapasa mshono kwa kidole, taratibu, kisha akatabasamu. "Huyu bado sana," alisema. "Nitapita tena mvua zikikatika."

Alipotoka, Fundi alichukua wembe wa kufumulia, akaurudisha mezani. Akalitundika koti msumarini vilevile lilivyo, mkono mmoja umepinda kwa nyuma, kama unamtafuta mtu wa kumshika asiondoke.