Waridi au Nyeupe?

"Waridi?" Hester Prosser aliuliza, akakibwaga kikombe cha chai mezani. "Nyumba ya babu yangu ifanane na keki ya harusi?"

Tamsin alicheka, ila mashavu yalimwiva. Nje, kando ya mlango, alikuwa amejaribishia viraka vya rangi: waridi, krimu, kijivu, nyeupe. Nyumba ni ya mtindo wa Tudor, nguzo na boriti za mwaloni zimejitokeza nje, lipu katikati. Mkoa mzima wa Herefordshire, nyumba za namna hiyo hupakwa mbao nyeusi na lipu nyeupe, na anayeleta mambo yake husemwa mpaka kanisani.

"Basi chagua wewe, Bi Prosser. Mimi ni wa kuja tu, wewe umezaliwa humu."

Amezaliwa humu, ndiyo. Na humu ndimo alimomuuguza mama yake miaka nenda rudi, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko, huku kaka yake Clive akionekana Krismasi tu, kula bata mzinga na kuondoka. Mama alipozikwa, Clive aliiuza nyumba hata maua ya kaburini hayajanyauka. Wakainunua Tamsin na mumewe Piers, watu wa London, na Hester akahamia chumba cha kupanga juu ya duka la chipsi, nguo zake zote zikinuka samaki. Jioni alipita hapa akaona madirisha yake yakiwashwa taa na wengine. Roho ilimuuma, we acha tu. Kitu kimoja tu alikitaka duniani: kulala tena kile chumba cha chini, chenye dirisha la bustanini.

Alitoka mlangoni akakitazama kiraka cha waridi, akamtazama Tamsin aliyemfuata.

"Haya. Waridi."

"Kweli?"

"Rangi ni rangi, mwanangu. Paka hata ya punda milia. Mimi nakuomba jambo moja: usije ukarudia ile chokaa ya majimaji."

"Lakini kuta hizi si zimepakwa chokaa siku zote?"

"Ya kimaskini ile! Kila Mei ngazi begani. Nimepaka mpaka magoti yakaniisha. Wewe nunua rangi ya plastiki, ile nzito, upige mikono mitatu. Mbao ziba nyufa zote, halafu lami juu yake. Tone lisipite."

"Na inadumu?"

"Baba aliipaka kwenye banda letu la farasi. Vipande vyake viko nyuma ya bustani, nenda kavitazame. Haijabanduka mpaka leo."

Tamsin alikwenda. Banda lilianguka zamani, Hester angali mtoto, likamlalia farasi wao Duchess akiwa hai. Lakini kwenye vipande vya mbao vilivyobaki maguguni, rangi iling'aa kama sahani. Tamsin akarudi mbio, akamkumbatia bibi wa watu. Hester hakuwa mtu wa kukumbatiwa, ila siku hiyo alivumilia.

Posta wanawake walimpokea kwa kelele.

"Hester, umelogwa? Waridi! Babu yako akifufuka leo, si atakufa tena?"

"Basi na alale, asijisumbue," alijibu, akanunua stempu yake akaenda zake.

Kiangazi chote alikaa bustanini kwenye kiti cha kukunja, akiwasimamia mafundi. "Wewe! Hapo umeacha tundu!" Hata ufa wa kupita sindano hakuuacha. Mafundi walimchukia, lakini Tamsin kila siku saa nne alimletea chai na kipande cha keki ya limau, akamfunika magoti kwa blanketi. Wema huo ulimkera Hester kuliko mvua.

Daktari alimpima moyo, akasema bado upo.

"Nataka misimu mitatu tu ya baridi," Hester alimwambia. "Kuna kitu nataka nikione."

"Hiyo nyumba ya waridi?"

"Hiyohiyo."

Septemba kazi ikaisha. Mvua ilikuwa inanyesha Tamsin alipokuja na gari kumchukua. Mlangoni alimziba macho kwa viganja, akamwongoza ndani hatua kwa hatua, yeye mwenyewe akicheka kama mtoto. Alipoviondoa, Hester alijikuta katika chumba cha chini. Kitanda chake cha chuma kilikuwa palepale pake, kimetandikwa. Piers alisimama kando, birika mkononi.

"Ni chako, Bi Prosser," Tamsin alisema. "Si cha wiki wala cha mwezi. Ni chako mpaka mwisho wako. Tulinuia tangu mwanzo, ila tulitaka kwanza nyumba iwe imara, isije ikakuvujia." Akajishika tumbo. "Na huyu kitanda chake kitakuwa juu yako hapo. Utamvumilia akilia, bibi?"

Hester akakaa kitandani. Machozi yakamtoka asiweze kuyazuia.

"Furaha hiyo, maskini," Piers alinong'ona.

Hester aliinua macho kuitazama boriti kubwa juu ya kitanda, ile inayobeba ghorofa yote, imezibwa kila ufa. Siku ile baba alipomfukua Duchess, nguzo za banda zilimong'onyoka viganjani mwake kama keki: unyevu uliofungiwa nyuma ya rangi yake nzuri ulikuwa umezila kimyakimya, nje ziking'aa. Ilichukua misimu mitatu tu ya baridi.