Tangazo Lisilofutika

“Toa hii kitu ya kuuliza watu ruhusa,” Mzee Ngatia alisema, akigonga kioo cha laptopu ya Watiri kwa ukucha. “Mtu akifanya jambo, iende Facebook straight.”

Watiri hakuinua macho. Programu ya kanisa lao la Gatitu aliitengeneza yeye, na aliiunganisha na ukurasa wa kanisa wa Facebook kwa uangalifu. Muumini akijaza kwenye simu yake kwamba amefiwa, amelazwa hospitalini au amefunga ndoa, programu humuuliza kwanza kama angependa watu watangaziwe. Akikubali, tangazo linatoka na jina lake. Akikataa, habari inabaki ofisini.

“Watu wako na siri zao, Mzee.”

“Siri ndio zinaharibu kanisa. Mficha uchi hazai.” Akalitazama tumbo la Watiri bila haya.

Tumbo lenyewe lilikuwa limeshaishinda sweta, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wazee wa kanisa walikuwa wamempa Watiri hadi Jumapili awe amemtaja mwenye mimba. Asipomtaja, atatengwa na meza ya Bwana, tena atahama chumba alichokuwa akiishi. Chumba hicho kilikuwa kwenye shamba la Magdaline, mjane wa Nderitu, ndugu yake Ngatia. Nderitu alifariki bila mtoto, na tangu siku ya mazishi Ngatia alikuwa akilipima shamba lile kwa macho kila akipita. Siku hizi alishaanza hata kuamua nani alale wapi. Kuna watu walinyimwa haya tangu tumboni.

Magdaline aliingia na birika la chai. Jumamosi iliyopita alikuwa ameshinda Naro Moru na wanawake wa rika lake, kwa wazazi wa Watiri, na sauti ilikuwa bado imemkauka. Alisema ni baridi ya mlima.

“Shemeji, unalea dhambi kwa boma,” Ngatia alimwambia. “Shamba ya ndugu yangu si lodging.”

“Kunywa chai, Mzee,” alisema Magdaline.

Watiri aliogopa, lakini hasira ilimzidi woga. “Hakuna dhambi kwa hiyo boma. Mahari yangu imetolewa, na baba yangu amepokea.”

“Imetolewa na nani?”

“Atajitaja mwenyewe.”

Ngatia alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. “Mwanaume gani huyo anajificha nyuma ya sketi? Ati atajitaja! Basi atajitaja Facebook. Toa hiyo ruhusa, na utoe pia hiyo ya kufuta. Ikishatangazwa, imetangazwa. Tutaona ni bwana ya nani umeiba.”

“Nitatoa kwa ndoa peke yake. Ya wagonjwa na ya waliofiwa siguzi, hata mkinifukuza leo.”

“Ndoa inatosha.”

“Na nikitoa, Mzee, hata wewe hutaweza kurudisha nyuma.”

“Mimi niko na nini ya kuficha?”

Watiri akainamia kazi yake. Kabla chai haijapoa alikuwa amemaliza. Ngatia akatoa simu yake, akaagiza iwekwe ipige kengele kila tangazo linapotoka, kwa sauti ya juu kabisa. Hakutaka kupitwa.

Jumapili kanisa lilijaa hadi mlangoni. Wengine hata kwaya walikuwa hawajaisikia tangu Krismasi, lakini siku hiyo waliwahi viti vya mbele. Mahubiri yalipokwisha, Ngatia alishika maikrofoni, akamwamuru Watiri asimame.

Alisimama. Hakujifunika shuka kama walivyomshauri shangazi zake. Alitembea hadi mbele, mkono mmoja kiunoni, akawageukia watu wote.

“Jina,” Ngatia alisema.

“Sisemi.”

“Unaogopa nani?”

“Ningekuwa naogopa, ningekuwa nimehama usiku. Sina aibu, na sina kitu nimeiba kwa mtu. Mnataka kunitoa kwa meza, nitoeni. Lakini kwa ile nyumba sitoki.”

Minong'ono ikapita kutoka benchi hadi benchi. Kwenye safu ya akina mama, Magdaline alikuwa ameinamia simu yake, akibonyeza polepole kwa kidole kimoja. Ngatia alisubiri kanisa litulie. Aliupenda ukimya wa namna hiyo, hasa akiwa na maikrofoni mkononi.

“Basi kwa mamlaka ya kikao cha wazee,” alianza, “kuanzia leo huyu msichana—”

Simu yake ikalia. Ikafuata ya mchungaji, kisha za vijana wa kwaya, kisha kanisa zima likawa kengele tupu. Ngatia alitabasamu. Mwizi alikuwa amejileta mwenyewe. Alivaa miwani, akaisogeza maikrofoni karibu na mdomo ili hata waliosimama nje wasikose neno, akasoma kwa sauti:

“Ndoa mpya. Mimi Magdaline, mjane wa Nderitu, nimemwoa Watiri kwa mila yetu ya mjane asiye na mtoto kuoa mke wa kuizalia nyumba, na wazazi wake wamekubali. Mtoto aliye tumboni ni wa nyumba ya Nderitu, na shamba ni lake.”