Kamba ya Kiatu cha Refa

Fainali ya mpira wa magongo ya watoto ilikuwa imebakiza dakika mbili, refa Mwasiti alipopuliza filimbi. Kamba ya helmeti ya golikipa ilikuwa imekatika.

"Refa, waache wacheze. Ni kamba tu hiyo," alifoka mama wa golikipa.

Mwasiti alichomoa kamba ya kiatu chake, akaifunga nayo helmeti kidevuni mwa mtoto, akaivuta mara mbili kuhakikisha imekaza.

Mpira uliofuata ukagonga helmeti, juu ya jicho. Mtoto alianguka, kisha akainuka mzima.

Mechi ilipoisha, mama alikuja na ile kamba. Alipiga magoti vumbini, akailowesha ncha kwa mate, akaanza kuipitisha kiatuni mwa refa.

"Inuka, dada," Mwasiti alimwambia.

"Bado matundu mawili," alijibu, bila kuinua uso.