Sabela na Nyuki

Sabela alikuwa amebakiza tasnifu tu ili amalize shahada ya uzamili ya ufugaji nyuki, na bado alikuwa hajawahi kufungua mzinga hata mmoja. Chuo kilipoleta mtaala mpya, wenye mafunzo ya shambani, akaomba kuhamia mtaala huo.

“Utarudi nyuma mwaka mzima, mwanangu,” alimwonya Dakta Kihaule, msimamizi wake. “Wenzako watavaa joho, wewe bado uko darasani.”

“Wacha wavae, Mwalimu. Mimi nawataka nyuki.”

Asubuhi ya somo la kwanza alipuliza moshi, akainua mfuniko wa mzinga. Mvumo wa nyuki ukampanda hadi kifuani. Akaangua kicheko.

“Mwalimu, njoo uwasikie!”

Dakta Kihaule, aliyekuja kutazama kwa mbali tu, akasogea taratibu, akanyoosha mkono kuomba glavu.