Kiti cha Mwanashumu

"Sema, mama: mei ai sit daun? Yaani, naomba ruhusa nikae," msimamizi alisema, akigonga ubao. Hoteli ilitaka wapiga pasi wake wajue kuomba kwa Kiingereza cha adabu.

Mwanashumu, mpiga pasi mkongwe, alirudia maneno hayo, akiegemea mguu mmoja, kisha wa pili, yote miwili imevimba. Tangu enzi za pasi ya mkaa alikuwa akiomba kiti kwa Kiswahili, akijibiwa kesho.

"Safi! Sasa omba hivyo hivyo kwa heshima zaidi: kudi ai sit daun?"

"Heshima ndiyo iliyonivimbisha miguu, bwana we." Akavuta kiti cha msimamizi, akaketi.

"Inuka, au kazi huna!"

"Ngoja nipumue kwanza."

Nyuma yake, walikosimama wapiga pasi wenzake, kreti tupu la soda lilikwaruza sakafu likivutwa kukaliwa, kisha la pili.