Aliyekanyaga Breki

Kila aliyegusa gari la zamani alivishwa pingu ya chuma mguuni. Gari likimvunja mtu, pingu nayo inamvunja mguu aliyeligusa: fundi kwanza, kisha msaidizi.

Mwanakheri alikuwa anakaanga samaki, mtoto mgongoni, aliposikia mfupa wa mumewe ukialika sebuleni kama kuni kavu.

"Lile gari limemvunja mtu! Itakuwa ekseli ya mbele imechomoka!" Shekue alipiga yowe, akigaragara sakafuni. "Wallahi nati niliikaza, mama watoto!"

Aliikaza kweli. Mwanakheri ndiye aliyemkanyagia breki alipokuwa akiikaza, gurudumu lisizunguke. Hilo tu.

Pingu ya Mwanakheri nayo ikaanza kubana.

Alizima jiko. Akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza mkekani mbali na mafuta ya moto, kisha akaketi, akanyoosha mguu na kuuma kanga.