Gari la Watu Wawili

Komeo la banda lilikwaruza taratibu kabla hakujapambazuka, na Mwanahawa akajua mumewe ameamka kulifunua gari lake jekundu la mbio. Pikapu kuukuu, iliyozoea kubeba magunia, wagonjwa na vyombo vya maharusi wa mtaa mzima, ilibaki uani na umande wake.

Leo binti yao Sikudhani alikuwa anaanza shule.

"Mama Siku, mwanangu lazima aingie kwa kishindo," Shaweji alisema, akisugua kioo.

"Na mimi nikae wapi, Baba Siku? Juu ya bati?"

Shaweji alicheka, kisha akachungulia ndani ya gari. Viti vilikuwa viwili tu, na hilo hakuwa amelifikiria.

Mwanahawa aliingoja asubuhi hii tangu binti yake alipoanza kutembea, lakini furaha ya mumewe nayo hakutaka kuizima. Akamfunga mtoto vifungo vya sare, akamvika mkoba.

"Haya, nendeni. Mtanisimulia."

Sikudhani aliligusa gari jekundu kwa kidole kimoja, akalipita. Akaparamia pikapu, akakaa katikati ya kile kiti kirefu cha mbele, akapapasa nafasi kushoto na kulia.

"Mama atakaa huku na baba atakaa huku," alisema.